Fundi wa Mawe Yenye Mistari

Sfaleriti ndiyo mbale kuu ya zinki. Ikikatwa na kusuguliwa vizuri, baadhi yake huonyesha mistari: kahawia, manjano ya asali, krimu, halafu mstari wa kijivu wa galena, yaani madini ya risasi. Huko Olkusz, kusini mwa Poland, ambako mgodi wa mwisho ulifungwa mwishoni mwa 2020, mawe ya namna hii yalikuwa yamejipanga kama maganda ya kitunguu. Wengi huishia kusifu rangi. Mimi humsifu kwanza fundi anayeyakata.

Hukata polepole, kwa msumeno wa almasi unaomwagiliwa maji. Kisha husugua upande mmoja kwa unga wa kusugulia, kila hatua unga laini zaidi, na hasogei mbele mpaka mikwaruzo ya hatua iliyopita iishe yote. Upande ukishang'aa, huugandisha kwenye kioo na kuanza upya upande wa pili, hadi kibaki kipande chenye unene wa sehemu ya kumi ya milimita hivi. Sfaleriti ni laini na humeguka ovyo. Mkono ukikaza kidogo tu, kona imekwenda. Joto nalo ni hatari. Ndani ya fuwele mmenaswa vitone vya maji visivyoonekana kwa macho, na moto ukizidi hupasuka. Kwa hiyo gundi inayoganda bila kupashwa moto ndiyo salama.

Zamani wataalamu wengi waliamini kwamba mistari hiyo ya mviringo ni ute mzito ulioganda. Mwaka 1968 Edwin Roedder, wa Idara ya Jiolojia ya Marekani, alipitisha mwanga katika vipande vilivyong'arishwa pande zote mbili, akaonyesha vinginevyo. Kila mstari uliwahi kuwa uso wa fuwele ndogondogo zilizokuwa zikikua moja kwa moja kuelekea kwenye maji moto ya chumvi. Maji yalipobadilika, fuwele nazo zilibadilika: chuma kikiongezeka, mara nyingi rangi hukolea; madini yakijijenga kwa haraka, huwa nyuzi nyembamba; yakipata nafasi, fuwele hunenepa.

Vile vitone navyo vina habari za joto la maji hayo ya kale. Kipande hupashwa moto taratibu chini ya darubini mpaka kiputo kilichomo ndani ya kitone kitoweke, na hapo joto husomwa. Kwa mbale za zinki zilizomo kwenye miamba ya chokaa, mara nyingi ni kati ya nyuzi 80 na 150 za Selsiasi. Ni kazi ya kukodoa macho, na wapo wanaoifurahia.

Mwaka 1980 watafiti McLimans, Barnes na Ohmoto walilinganisha mistari ya sfaleriti ya kusini-magharibi mwa Wisconsin, wakakuta mfuatano unaolingana kutoka mgodi hadi mgodi: maji yaliyopita kote humo yalikuwa yakibadilika pamoja. Ulinganisho kama huo humtegemea mkataji. Akilikata jiwe kimshazari, mstari mwembamba huonekana mpana kuliko ulivyo.