Eti "ni kama ndege inatua tu"

Ukisoma maelezo ya tiba ya oksijeni katika chumba cha shinikizo kubwa, yale yanayoandikwa kwa ajili ya watu wa kawaida, mara nyingi utakutana na sentensi moja: masikio yataziba kidogo, kama ndege inapotua. Nina ugomvi na sentensi hiyo.

Tuitendee haki kwanza. Ndege ikishuka, shinikizo la nje linazidi lile la hewa iliyonaswa nyuma ya ngoma ya sikio. Ngoma inasukumwa ndani, nawe unameza mate ili mrija mwembamba unaotoka kooni ufunguke, hewa iingie. Chumbani ni hivyohivyo. Hapo sina neno.

Shida ni kiasi. Ndege ikiwa juu kabisa, shinikizo ndani yake huwa takriban robo tatu ya lile la pwani. Kutua kunakurudishia robo, basi. Chumba cha tiba hukupeleka hadi mara 2 au 2.4 ya shinikizo la kawaida, tena kwa dakika chache. Piga hesabu: nyongeza ya 1.4 dhidi ya 0.25. Zaidi ya mara tano! Halafu mnaniambia "kama ndege"?

Kibaya zaidi, mfano huu unamfundisha mgonjwa kuvumilia. Tofauti ya shinikizo ikishakuwa kubwa, mrija unabanwa na kujifunga; hapo umeze mate usimeze, haufunguki. Sikio linaweza kuwa jekundu, kuvilia damu, hata ngoma kutoboka. R. Wallace Teed wa jeshi la majini la Marekani alipanga madaraja ya majeraha haya mwaka 1944, akichunguza mabaharia wa nyambizi, na mpaka leo madaktari wanatumia mpango uliotokana na wake. Kweli, mengi ni mepesi na hupona yenyewe. Lakini mtu angeambiwa wazi: sawazisha masikio kabla hayajauma, na ukishindwa sema mapema, mhudumu asimamishe shinikizo.

Sasa mfikirie aliyezimia kwa hewa ya sumu ya jiko la mkaa, mmoja wa wagonjwa ambao tiba hii huwahusu. Hamezi mate, hasemi "simamisha". Kwa watu kama huyo, wakati mwingine madaktari hutoboa ngoma ya sikio kwa makusudi kabla ya kuwaingiza chumbani. Sijawahi kusikia abiria wa ndege akifanyiwa hivyo.