Sarafu ya Kuazima

Mazingaombwe ya jukwaani yana mengi ya kujifichia: mapazia, taa, muziki, masanduku ya kila aina. Anayeyafanya mezani, watu wamemzunguka karibu kugusana naye magoti, hana pa kujificha. Vifaa vyake ni sarafu, kikombe, tishu, kipande cha uzi. Kwa hiyo nikitaka kumpima fundi wa kazi hii, kwanza huangalia kama kitu alichoshika ni chake au amekiazima. Sarafu ya shilingi mia iliyotoka mfukoni mwako huwezi kuishuku. Utaikodolea macho mikono yake, na huko ndiko ufundi uliko.

Chukua kitendo kidogo kuliko vyote. Sarafu inatoka mkono wa kulia, inawekwa wa kushoto, ngumi inafumbwa. Ikifunguliwa, hamna kitu. Wengi wanajua kuwa haikuhama, imebaki kulekule kulia. Kujua hivyo hakutoshi kumkamata fundi. Mwanafunzi utamkamata: vidole vimekakamaa kama vya mtu aliyeshika yai bichi, dole gumba limesimama, macho yanaibia palepale anapoficha. Fundi alianza kwa kuiweka sarafu kweli, tena na tena mbele ya kioo, akijichunguza: mtu akihamisha kitu bila kufikiri, macho hufuata mkono upi? Mkono uliotoa huenda wapi? Kisha akaufundisha uongo ufanane na ukweli huo. Mwaka 1952 Mmarekani J. B. Bobo alichapisha kitabu kizima cha mbinu za sarafu, lakini mbinu yoyote huumbuka ikiwa mkono wenye siri hauna shughuli. Fundi huupa shughuli: unaokota kalamu, unasogeza kikombe.

Kipimo kingine ni namna anavyoyaongoza macho. Slydini, Mwitaliano aliyejijengea jina New York, alikuwa akimkalisha mtu kitini, anafinyanga kibonge cha tishu, anamwambia akitazame vizuri. Mara kimetoweka. Mtu anapigwa na butwaa, huku ukumbi mzima unavunjika mbavu, kwa sababu wote wamekiona kikirushwa juu ya kichwa chake. Hapa siri imeanikwa, na bado heshima inazidi. Tunaona waziwazi jinsi Slydini akiinama mbele, mwenzake naye anainama. Akilegea, naye analegea, na sekunde hiyohiyo kibonge kinaruka.

Wapo wanaodhani yote haya ni wepesi wa mikono. René Lavand wa Argentina alipondwa mkono wa kulia na gari akiwa na miaka tisa, akabaki na wa kushoto peke yake. Mchezo wake uliopendwa sana ulikuwa wa vipande vitatu vya mkate na kikombe. Kipande kimoja alikiweka kando, kikombe kikainuliwa, na vyote vitatu vikaonekana pamoja. Akarudia polepole. Akarudia polepole zaidi. Kila alipopunguza mwendo, mtazamaji alizidi kukosa pa kusingizia.

Wepesi peke yake hata wachezesha pata potea wanao. Ila kule sehemu kubwa ya kazi hufanywa na wenzao waliojichanganya na watu, na mtazamaji huishia kurudi nyumbani bila nauli. Hakuna la kuvulia kofia.

Kipimo changu cha mwisho hufanyika fundi akiwa ameshaondoka. Nasikiliza mtazamaji anavyosimulia. Akisema, “Nilimpa sarafu yangu, ikapotea, nikaikuta chini ya kikombe changu,” kazi imekamilika. Akianza kueleza kwamba kwanza alihesabu, kisha akageuza, kisha akaombwa achague tena, basi fundi huyo huenda ana vidole vizuri, lakini mchezo wake bado haujaiva.