Ukingo wa Jeki

Kuna Probox nyeupe imeegeshwa Umoja, hapa Nairobi, na mtaa mzima unamsifu aliyeiuza. Watu wanaizunguka, wanafungua boneti, wanagonga milango, wanasema hii ni safi, imetoka Japani moja kwa moja. Hakuna aliyeinama. Chini imepuliziwa rangi nyeusi tititi kutoka bampa hadi bampa, na rangi hiyo ndiyo inayosifiwa zaidi, eti imekingwa kutu. Inaniudhi. Gari la miaka saba halina sababu ya kuwa na tumbo jipya.

Wanunuzi wetu wamezoea kuuliza mwaka na gredi tu. Mwaka ni sheria: kiwango cha Kenya, KS 1515, hakiruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Gredi ya karatasi ya mnada wa Japani ikiwa 4 au 4.5, pesa zinatumwa. Lakini karatasi hiyo hiyo ina mchoro wa gari wenye herufi: S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma, W ni paneli iliyowahi kunyooshwa, XX ni iliyobadilishwa. Pembeni mkaguzi huongeza maneno yake kwa Kijapani, na hapo ndipo hali ya chini ya gari hutajwa, na hapo ndipo dalali huparuka anapotafsiri. Dai karatasi nzima. Cheti cha ukaguzi kabla ya gari kupakiwa melini ni jambo jingine. Kinasema gari linafaa barabarani leo, hakisemi chuma chake kitadumu.

Gari la Hokkaido, Tohoku au Niigata limepita majira ya baridi juu ya barabara zilizomwagiwa chumvi ya kuyeyusha theluji. Kloridi ya kalsiamu huvuta unyevu hewani, kwa hiyo hata likifika Donholm, chumvi iliyojibana kwenye mikunjo huendelea kula. Mimi la Hokkaido silichukui hata nikipewa bure. La Kyushu kwanza, mengine baadaye.

Sasa inama. Chini ya milango, kutoka nyuma ya gurudumu la mbele hadi mbele ya gurudumu la nyuma, kuna ukingo mwembamba wa bati unaoning'inia. Ndipo jeki hushikia. Ukingo huo ni mabati mawili au matatu yaliyobanwa pamoja na kulehemiwa kiwandani kwa nukta nukta. Kila nukta huacha kishimo kidogo cha mviringo, na vishimo hivyo hufuatana kwa mpangilio ule ule upande wa kushoto na wa kulia. Pitisha kidole. Mtu asiyejua hutazama rangi; anayejua huhesabu vishimo.

Maji ya chumvi huingia kati ya mabati yale, mahali ambapo rangi haikufika. Kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokula, kwa hiyo husukuma mabati yaachane. Nukta zikishikilia na katikati pakivimba, ukingo uliokuwa umenyooka hujikunja kama pindo la rinda. Ukiona mawimbi hayo, kutu imetoka ndani, na sehemu usiyoiona ni mbaya zaidi. Tapeli naye anayajua mawimbi. Huyasaga kwa grainda, hupaka fila, hupuliza nyeusi. Anachoshindwa kurudisha ni vishimo. Ukingo mnene, laini, usio na nukta hata moja, ni ukingo uliotengenezwa upya, na aliyeutengeneza hakutaka ujue.

Si kila kutu ikutishe. Vumbi la rangi ya chungwa linalofutika kwa kitambaa, au rangi iliyopondwa pale jeki ilipokaa, ni maisha ya kawaida ya gari. Magamba meusi yanayobanduka kwa ukucha ndiyo hatari. Wajapani wenyewe, katika panga zao za kale, hawasugui kutu ya kwenye shina linaloingia mpinini, kwa sababu rangi ya kutu hiyo husaidia kukadiria umri wa upanga. Anayeisugua anaharibu thamani. Muuzaji anayepuliza tumbo la gari anafuta ushahidi wa namna hiyo hiyo.

Tuliwahi kukata ukingo wa gari lililosemekana limeshuka Mombasa juzi, halijaguswa na fundi yeyote wa Kenya. Ndani ya tundu mlikuwa na gazeti lililosokotwa, limefunikwa kwa fila. Lilikuwa gazeti la hapa Nairobi, ukurasa wa michezo.

Mzee aliyenifundisha kazi ya bati, pale Burma, hapa hapa Nairobi, alianzia kwenye Peugeot 404, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968. Bati la siku hizo lilistahimili nyundo. Alijaza mabonde kwa risasi iliyoyeyushwa, na fila ilipokuja hakuiruhusu izidi unene wa sarafu. Palipooza alikata, akalehemu bati jipya, akaacha mshono uonekane upande wa chini ili fundi atakayefuata aujue. Leo Kariobangi Light Industries bado wapo wanaofanya hivyo, lakini wateja wanawakimbia kwa sababu kazi yao haing'ai.

Gari hukaguliwa asubuhi, likiwa kavu. Lililotoka kuoshwa chini halikaguliwi. Sumaku ni ya kuchezea. Kidole, tochi na bisibisi vinatosha. Gonga ukingo kwa mpini wa bisibisi: chuma hulia, fila hunyamaza. Inua mazulia ya ndani, nusa, bonyeza sakafu chini ya miguu ya dereva. Tazama pia matundu ya kutolea maji chini ya milango. Yakiwa yamezibwa na rangi mpya, hiyo peke yake inatosha kukufanya urudi nyumbani.

Na ukifika yadi, kabla ya kuuliza bei, omba gari liinuliwe kwa jeki, pande zote mbili. Muuzaji akikataa, usibishane naye. Jogoo Road ina yadi nyingine.