Fundi Umeme Mzuri Huanza kwa Maswali

Gari lililokufa kabisa halimpimi fundi: betri imeisha au fyuzi imeungua, inabadilishwa, mnaagana. Kipimo ni lile gari kuukuu linalozima porini huko Itilima, linagoma dakika kumi, kisha linawaka lenyewe na kuingia Bariadi mjini likinguruma kana kwamba umelisingizia.

Fundi wa kubahatisha hufungua boneti na papo hapo kutaja kifaa cha kununua. Anayeijua kazi huanza na mahojiano. Lilizima likiwa la moto? Mvua ilikuwa imenyesha? Ulikuwa unakata kona, au uliingia shimo? Na swali ninalolisubiri kuliko yote: taa za dashibodi nazo zilizimika? Kama zote zilikata pamoja na injini, msako unaanzia vichwa vya betri, waya mkuu na swichi ya funguo. Kama zilibaki zinawaka, anahamia pampu ya mafuta, koili na rilei.

Kisha ataufanya ugonjwa urudi. Injini ikiwa inaunguruma, anatikisa nyaya kidogo kidogo, anagonga rilei kwa mpini wa bisibisi, anaacha joto lipande, maana risasi iliyopasuka ndani ya rilei mara nyingi huachia ikipata moto. Inachosha kutazama, lakini mwache. Aliyebadilisha kifaa kabla hajauona ugonjwa hana namna ya kujua kama ameuponya.

Mafundi hutengana kwenye ethi, yaani njia ya umeme kurudi hasi ya betri. Tesa peke yake hudanganya: balbu yake inakula umeme mdogo mno, hivyo huwaka hata kwenye waya uliobakiwa na nyuzi mbili. Fundi wa kweli hushika mita, ncha moja kwenye hasi ya betri, nyingine kwenye bloku ya injini, halafu anakuambia upige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti, ethi imechoka, hata kama betri ina volti 12.6 na altaneta inatoa 14.

Maungio nayo yakague. Kwetu Simiyu gari likilala jirani na ghala la pamba au mpunga, panya huingia hadi chini ya dashibodi. Waya waliotafuna ukatwe mpaka ionekane shaba inayong'aa. Iliyogeuka kijani au nyeusi haishiki risasi. Nyaya zilizosokotwa kwa vidole na kufunikwa tepu zitakurudisha gereji, kwa kuwa gundi ya tepu huyeyuka kwa joto la injini. Na ukikuta waya mpya umevutwa moja kwa moja kutoka betri bila fyuzi, au fyuzi ya ampea 15 imegeuzwa 30, usilipe kitu. Gari litawaka kweli, na siku moja litawaka moto.

Ukiridhika, mpandishe garini mwende Lamadi na kurudi, mita ikiwa mapajani mwake. Akidai malipo yote kabla ya safari hiyo, mpe nusu.