Zahanati Moja, Wakubwa Wengi

Zahanati ya kanisa iliyoko Mbozi ina wakubwa wengi. Iko ndani ya halmashauri, na halmashauri iko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa nchini Tanzania. Miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya. Mwenye mali ni dayosisi, ambayo mipaka yake haikuchorwa na serikali. Wote hao wanauliza swali lilelile: mwezi uliopita wajawazito wangapi walihudhuria kliniki? Na kila mmoja anataka jumla yake.

Kupanga majibu hayo ndani ya DHIS2, programu iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo na inayobeba takwimu za afya za Tanzania na Kenya, ni ufundi ninaouheshimu sana. Programu hiyo ina mti mmoja wa taifa, mkoa, wilaya hadi kituo, na kila kituo kina mzazi mmoja tu. Asiyeijua kazi hushawishika kuisajili zahanati mara ya pili chini ya dayosisi. Ripoti ya dayosisi itatoka vizuri, ila jumla ya taifa itakuwa na wajawazito wasiokuwepo.

Fundi hagusi mti. Anaunda makundi pembeni: vituo vya serikali, vya dini, vya binafsi, vya majeshi, kisha anayaweka katika seti moja ya umiliki. Dayosisi zinapata seti yao, na aina za vituo seti nyingine. Anachokilinda kwa wivu ni kwamba ndani ya seti moja kituo kisiwe katika makundi mawili, wala kituo kinachohusika kisiachwe nje. Hapo jumla ya wamiliki wote italingana na jumla ya mikoa yote, na zahanati itakuwa imeandika takwimu zake mara moja tu. Napenda sana kwamba muuguzi anayejaza fomu ya mwezi hahitaji kujua lolote kuhusu makundi na seti hizo.

Ugumu wenyewe uko kwenye wakati. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulimegwa kutoka Mbeya, na Mbozi ikaenda nao. Ukiihamisha Mbozi kwenye mti, takwimu zake zote za nyuma zinahama nayo. Ukiitafuta Mbeya ya 2014 utaikuta ndogo kuliko ile iliyochapishwa 2014, ingawa hakuna aliyefuta hata tarakimu moja. Kenya ilikutana na jambo hilo kwa ukubwa zaidi: ilieneza DHIS2 nchi nzima mwaka 2011, na mwaka 2013 serikali za kaunti 47 zikaanza kazi, mti ukabidi uzifuate.

Mtu mvivu atasema mipaka imebadilika, basi. Fundi anatengeneza kundi la vituo vyote vilivyokuwa Mbeya kabla ya kugawanywa, anaweka mwaka kwenye jina lake ili mtakwimu atakayempokea asibahatishe, kisha anajumlisha na kulinganisha na ripoti ya zamani. Tofauti ikitokea, anashuka wilaya kwa wilaya, kituo kwa kituo, akiangalia tarehe za kufunguliwa na kufungwa, mpaka akipate kituo kilichosahaulika.