Rosa Hakupotoka, Alijeruhiwa

Wahakiki wengi wa Rosa Mistika (1971), riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, wamezoea kutuambia kwamba dhamira yake kuu ni malezi mabaya. Baba mkali, binti akapotoka, basi. Jibu hili linapata maksi kwenye mtihani, lakini linamwacha Rosa palepale alipopigiwa. Makala haya yanadai kwamba Rosa hakupotoka. Alijeruhiwa, nafsi na mwili.

Tuanze na matini. Zakaria anagundua barua ya Charles, anampiga binti yake vibaya. Maumivu yanapita, hofu inabaki. Shuleni Rosa anawakwepa wanaume. Chuoni Morogoro anajitupa kwao. Wahakiki huona hapa Rosa wawili, msafi na mchafu. Mimi namwona mmoja. Mwenye kiwewe huendelea kulinda mlango hata baada ya adui kuondoka: moyo humwenda mbio, usingizi hukatika, mwili hushtuka pasipo na hatari. Wengine hujifungia, wengine hufa ganzi, wasijali tena linalowapata. Kukimbia kwa Rosa na kujitupa kwake ni kidonda kilekile.

Kuna watakaosema eti hii ni saikolojia ya Wazungu tunayombandika Kezilahabi. Hapana. Madaktari wa akili wa Marekani waliuingiza rasmi ugonjwa wa kiwewe katika mwongozo wao mwaka 1980. Riwaya ilikuwa imekwisha kutoka miaka tisa kabla. Msanii alimwona mgonjwa kabla ya ugonjwa kupewa jina hilo.

Nikiwa Madibira, wilayani Mbarali, kwa mazoezi ya kufundisha, nilikisimulia kisa hiki darasani. Wavulana wakacheka: "Huyo alijitakia." Binti mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, angemwambia nani?"

Swali hilo linazidi kurasa nyingi za uhakiki wetu. Hebu tulirudishe kwenye riwaya. Baba ndiye mpigaji. Mama, Regina, anaishi chini ya ubabe uleule. Mchumba, Charles, akijua kwamba Rosa si bikira anamwacha. Hakuna sikio hata moja, na Rosa anajiua.

Judith Herman, daktari wa akili wa Marekani, aliandika mwaka 1992 kwamba kupona kuna hatua tatu: kupata usalama, kukumbuka na kuomboleza, kisha kuungana tena na watu. Kwetu hili si geni. Nenda msibani Madibira, kwa Wasangu, Wahehe au Wabena: mfiwa haachwi peke yake, na kila anayeingia husimuliwa upya jinsi marehemu alivyoondoka. Kule kurudia ni dawa. Lakini aliyefiwa hutandikiwa mkeka. Binti aliyepigwa hatandikiwi. Yeye huambiwa anyamaze, asiaibishe ukoo.

Hapa ndipo ninapogombana na msanii. Kezilahabi amefaulu mno kuonyesha jeraha, ila hakumpa Rosa hata shoga mmoja wa kumsikiliza mpaka mwisho. Kwa hiyo kifo chake kinasomeka kama adhabu, na msomaji mvivu anafunga kitabu akisema, "Ndiyo mshahara wa dhambi."

Walimu wetu, swali la "Taja dhamira tano" limechoka. Ulizeni: nani angemsikiliza Rosa, na lini? Katika madarasa tutakayokwenda kufundisha wamo kina Rosa wanaongojea kusikia tutakavyolijibu.