Mwanakwaya na Mpiga Karindula

Katika mji wa Lubumbashi nyimbo za namna nyingi zakaa jirani. Kanisani kwaya huimba kwa sauti nne. Katika mitaa ya Katuba na Kenya hulia karindula, ile banjo kubwa ya pipa iliyowambwa ngozi. Lakini wenye nyimbo hizi wakisikilizana, mara nyingi hukumu hutangulia sikio. Mwanakwaya husema: «Hii ni kelele, haina sauti ya pili wala ya tatu.» Naye mpiga karindula hujibu kwamba kwaya huimba kama mtu asomaye barua ya mwenzake.

Sisi twaona kwamba neno hili la pili, ingawa ni kali, lina ukweli kuliko la kwanza. Mwanakwaya anailaumu karindula kwa kukosa kitu ambacho haikukitafuta. Mwenzake amegusa kidonda cha kwaya yenyewe. Tazameni Kiluba: ni lugha ya toni, sauti ikipanda mahali pa kushuka, neno laweza kugeuka maana. Katika Missa Katanga ya Joseph Kiwele, na katika Missa Luba iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 na vijana wa Padre Guido Haazen, maneno yalikuwa ya misa ya Kilatini, nacho Kilatini hakina toni ya kuvunjwa. Taabu ilizidi baada ya mwaka 1963, Mtaguso ulipozifungulia lugha za watu mlango wa liturujia. Basi mwalimu wa kwaya ajuaye nota zote hana budi kumsikiliza mama aimbaye shambani, asiyejua hata moja. Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo wake, nao wapiga gita wa Katanga waliulinda, twadhani, kuliko tafsiri nyingi za nyimbo za kanisa.

Na ile sauti ya pili? Mwaka 1952, huko Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, Hugh Tracey alinasa gita la Mwenda Jean Bosco. Aisikilizaye «Masanga» bila kumwona mpigaji hudhani magita ni mawili. David Rycroft, mtaalamu wa muziki, aliandika nota za upigaji huo, akazitangaza mwaka 1961 na 1962. Hakuandika ili amrekebishe Mwenda, bali ajue vidole vichache vyawezaje kusema mengi. Huo ndio ukosoaji tunaoutamani: kwanza kuuliza kazi inafanywaje.

Hatusemi wapiga karindula wasiambiwe kitu. Maneno yakimezwa na ngoma, mwanakwaya ana haki ya kusema, maana kutamka ni kazi aijuayo. Bali akichoka na wimbo wa nusu saa, amwulize kwanza mpigaji ajuaje kwamba umekwisha. Huenda akaonyeshwa miguu ya wachezaji.